Usalama wa Nyumbani: Dumu la Methanoli na Safari Yake

Ukurasa huu umezoeleka kwa mapishi, malezi ya watoto, ushonaji na afya ya mama. Wiki hii unazungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la mafundi wa redio peke yao, nalo ni mafuta yanayoitwa methanoli, yanayotumika kuwashia mitambo midogo ya umeme katika vituo vilivyo mbali na barabara. Sababu ya kulileta jambo hili mbele ya akina mama na watoto ni kwamba mafuta hayo hayabaki kileleni kwa fundi. Hufika kambini kwa lori, hulala bohari, hupandishwa mlimani kwa mabega ya vijana, na kisha dumu lake tupu huteremka likitafuta kazi nyingine. Mara nyingi kazi hiyo huipata jikoni.

Kila askari aliyewahi kulinda mpakani anaijua taabu ya kituo cha kilimani. Mlingoti wa redio husimamishwa juu kabisa, kwa kuwa mawimbi hayapendi kuzuiwa na vilima. Na huko juu ndiko kusikokuwa na nyaya za umeme, wala njia ya gari, na pengine hata maji hayapo. Redio yenyewe haili umeme mwingi. Tatizo ni kwamba huula usiku na mchana, jua likiwaka na ukungu ukitanda, na siku ile betri zinapokufa ndiyo siku ile ile doria iliyo bondeni inapohitaji kuita msaada. Kwa polisi wa mipaka, kwa walinzi wa mbuga na kwa kampuni za simu, shida ni moja.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa jenereta ya dizeli. Jenereta hupiga kelele, huhitaji kubadilishiwa oili na chujio, na zaidi ya yote haikuundwa kwa kazi ndogo. Kuwasha jenereta ya kilowati kadhaa ili kulisha redio ya wati 40 ni kama kuchinja ng'ombe kwa ajili ya kitoweo cha mtu mmoja: sehemu kubwa inapotea bure, na injini inayofanya kazi bila mzigo wa kutosha hujaa masizi na kuharibika mapema. Baadaye ukaja umeme wa jua, na hapana shaka kwamba palipo na jua la kutosha hakuna mtambo ulio bora kuliko huo. Lakini milima ya nchi hizi za Maziwa Makuu ina majuma ya mawingu mfululizo, hasa wakati wa masika. Ni katika majuma hayo ndipo seli ya fueli inapopata nafasi yake.

Seli ya fueli si injini. Haina pistoni, wala haichomi kitu kwa moto. Ndani yake mna utando mwembamba uliopakwa madini ya platini na rutheni. Upande mmoja wa utando hupitishwa methanoli iliyochanganywa na maji, na upande wa pili hupitishwa hewa ya kawaida. Methanoli huvunjika taratibu juu ya madini hayo, ikaachia umeme unaokwenda kuchaji betri, na kinachobaki ni joto, mvuke wa maji na hewa ya ukaa kidogo. Mtambo wa namna hii hutosha kubebwa na mtu mmoja, na mlio wake ni wa feni na pampu ndogo tu. Betri inapokaribia kuisha, seli hujiwasha yenyewe, ikijaa, hujizima. Kampuni ya Ujerumani iitwayo SFC Energy, iliyoanzishwa mwaka 2000 huko Brunnthal karibu na Munich, ni miongoni mwa zilizoutengeneza mtambo huu ukatoka maabara na kuingia sokoni, na jeshi la Ujerumani limekuwa miongoni mwa wanunuzi wake.

Hesabu yake ni nyepesi, na yafaa kila mtunza bohari aijue kwa kichwa. Seli ya aina hii hutumia takriban lita 0.9 za methanoli kutoa uniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa moja. Redio ya wati 40 inayowaka saa 24 hutaka karibu uniti moja kwa siku. Dumu la lita 28, ambalo ndilo kubwa katika yale yanayouzwa na kampuni hiyo pamoja na ya lita 5 na lita 10, litakilisha kituo kwa siku 32 hivi bila msaada wa jua. Methanoli iliyomo ndani ina uzito wa kilo 22 pamoja na uzito mdogo wa dumu lenyewe. Ni mzigo wa mtu mmoja kupanda nao mlima. Ili kubeba umeme kiasi hicho hicho kwa betri za gari za ampea 100, zingehitajika betri 26 zilizojaa kabisa, na uzito wake ungepita kilo 600. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini mafundi wanaisifu methanoli.

Wasiisifu kupita kiasi, hata hivyo. Lita ya dizeli ina nguvu zaidi ya maradufu ya lita ya methanoli, na kwa kituo kikubwa chenye taa, majokofu na ofisi, jenereta iliyopewa mzigo wake kamili bado hutoa umeme mwingi zaidi kwa kila lita. Isitoshe, hewa nyepesi ya milima mirefu hupunguza nguvu ya seli. Mpango wa busara ni kuliacha jua lifanye kazi ya kila siku, na methanoli ikae akiba kwa siku za mawingu. Kwa mpango huo madumu yanayopandishwa mlimani kwa mwaka hupungua sana, na kila dumu lisilosafiri ni hatari moja iliyopungua njiani.

Safari yenyewe ni ndefu. Methanoli hutengenezwa zaidi kutokana na gesi asilia au makaa ya mawe, katika viwanda vikubwa vilivyo karibu na gesi yenyewe. Oman inavyo viwanda vyake huko Sohar na Salalah, na Guinea ya Ikweta ina kiwanda katika kisiwa cha Bioko kilichoanza kazi mwaka 2001. Katika nchi zisizo na bandari shehena huingia kwa barabara baada ya kushushwa pwani, na katika safari hiyo hupita mikononi mwa watu wengi: makuli wa bandarini, madereva, matingo, maofisa wa forodha, walinzi wa vizuizi vya barabarani. Wengi wao hawajawahi kulisikia jina la methanoli. Askari wa kizuizini yafaa azijue alama mbili zinazobandikwa juu ya shehena hii: mwali wa moto na fuvu la kichwa, pamoja na nambari 1230, ambayo ndiyo nambari ya methanoli katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya mizigo ya hatari. Mafuta ya taa, petroli na dizeli hayana lile fuvu. Akiona fuvu na mwali pamoja, ajue kwamba anachokishika chaweza kuwaka na pia chaweza kuua kwa kunywewa, kwa kuvutwa puani, na hata kwa kupenya ngozini.

Hapa ndipo panapozuka shauri la kwanza la fedha. Madumu yaliyofungwa kiwandani ni ghali. Yana vali inayounganishwa moja kwa moja na mtambo pasipo kumimina, na yana kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua kwa urahisi. Mhasibu anayetazama bei atauliza kwa nini lisinunuliwe pipa la lita 200 mjini, kisha vijana wakajaza wenyewe yale madumu ya zamani. Swali hilo lina haki ya kuulizwa, na jibu lake ni sababu mbili. Kwanza, utando wa seli hudhurika kwa uchafu mdogo sana. Chembe za kutu, masalio ya oili katika mpira wa kunyonyea, chumvi iliyomo katika maji ya kisima: vyote hivyo huyaziba na kuyaharibu yale madini ya thamani, na mtambo uliogharimu fedha nyingi hufa kwa ajili ya akiba ya senti. Pili, kila mahali methanoli inapomiminwa, hapo pana mtu anayeivuta pumzi, anayerushiwa machoni, au anayeonja.

Desturi ya madereva wa nchi hizi ya kutia mpira mdomoni na kunyonya petroli mpaka ifike ulimini inajulikana kwa kila mtu. Kwa petroli desturi hiyo ni mbaya. Kwa methanoli ni kucheza na kifo, kwa maana funda moja linalomezwa kwa bahati mbaya latosha kumpofusha mtu. Ikiwa hapana budi kumimina, basi iwe kwa pampu ya mkono, mahali penye upepo, kwa glavu za mpira mzito na miwani ya kukinga macho. Chombo kiwe cha chuma kisichoshika kutu au cha plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Matangi ya mabati yaliyopakwa zinki hayafai, wala vyombo vya alumini, kwa sababu methanoli huvila vyuma hivyo polepole na kuchukua uchafu wake.

Kuhusu bohari, kuna jambo moja ambalo hata watunza bohari wazoefu hawalijui, nalo lastahili kuelezwa kwa utulivu. Mtu aliyezoea petroli hudhani kwamba methanoli, kwa kuwa haitoi harufu kali kama petroli, ni mpole kuliko petroli. Ndani ya tangi la petroli lililofungwa, mvuke huwa mzito mno kiasi kwamba hewa iliyobaki haitoshi kuuwasha. Hatari yake iko nje, mvuke unapotoka na kuchanganyika na hewa. Ndani ya tangi la dizeli mvuke ni haba mno. Methanoli iko katikati ya hayo mawili. Huanza kutoa mvuke wa kushika moto katika joto la digrii 11 tu, na mvuke wake huwaka ukiwa kati ya sehemu 6 na 36 katika sehemu mia za hewa. Kwa joto la kawaida la nchi hizi, kuanzia asubuhi ya baridi ya milimani hadi mchana wa bondeni unaokaribia digrii 40, nafasi iliyo juu ya methanoli ndani ya pipa lililopungua huwa imejaa mchanganyiko ulio tayari kulipuka. Cheche ikiingia humo, pipa lenyewe ndilo linalopasuka. Pipa lililobakiwa na lita chache hivyo ni la kuogopwa kuliko lililojaa, na lile linaloitwa tupu ndilo la kuogopwa kuliko yote.

Kwa sababu hiyo bohari ya methanoli yafaa iwe jengo dogo la peke yake, lenye kivuli na matundu ya hewa chini na juu, mbali na jiko la kambi, mbali na mesi, mbali na nyumba za familia na mbali na kisima. Sakafu iwe na ukingo ili kinachomwagika kisitiririke hadi mferejini. Taa ya kandili isiingizwe humo, wala sigara, wala swichi ya umeme ya kawaida inayotoa cheche. Risasi, mitungi ya gesi na dawa za kusafishia vikae kwingine. Kilicho muhimu kuliko kuta ni ufunguo: methanoli isikae chini ya ufunguo mmoja na spiriti, wala na vinywaji vya kantini. Mtu aliyetumwa gizani kuleta chupa moja asiwe na njia ya kukosea.

Moto wake una hila nyingine. Mwali wa methanoli ni wa bluu hafifu, na mchana wa jua haukonekani kabisa, wala hautoi moshi wa kuonya. Jambo hili lilionekana na watu wengi mwaka 1981 katika mashindano ya magari ya Indianapolis nchini Marekani, ambako magari wakati huo yalitumia methanoli. Gari la dereva Rick Mears lilipokuwa likijazwa mafuta, methanoli ilimwagika na kuwaka. Dereva na mafundi wake walirukaruka na kujipiga mwilini, na watazamaji hawakuona moto wowote. Mears aliungua uso, akatibiwa, akarudi mbioni. Askari wa bohari akiona mwenzake anaruka na kupiga kelele bila sababu karibu na madumu, asicheke. Amlowanishe kwa maji mengi. Akiona hewa inacheza juu ya sakafu kama inavyocheza juu ya lami wakati wa kiangazi, asikanyage hapo. Mtungi wa unga mkavu huuzima moto mdogo. Povu la kawaida linalotumika kwa petroli huyeyushwa na methanoli, kwa hiyo kambi hununua lile maalumu la kuzimia spiriti. Maji nayo husaidia yakiwa mengi kweli kweli, kwani methanoli iliyochanganywa na maji bado hushika moto hata ikiwa robo moja tu ya mchanganyiko. Ndoo mbili tatu huusambaza moto badala ya kuuzima.

Sasa kuna hoja moja ambayo wauzaji wa mitambo hii huipenda sana. Husema kwamba dizeli ya kilimani huibwa, na hilo ni kweli. Kampuni za simu katika bara zima zimelia kwa wizi wa dizeli na betri. Methanoli, wao husema, haina soko, kwa kuwa haiwezi kutiwa katika lori wala katika taa ya nyumbani. Nchini Afrika Kusini na Indonesia kampuni za simu ziliweka seli za aina nyingine, zinazobadili kwanza mchanganyiko wa methanoli na maji kuwa haidrojeni, na hoja ya wizi ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa. Ni hoja ya mtu anayemfikiria mwizi mwenye lori. Hakumfikiria mwizi mwenye chupa.

Methanoli haina rangi. Harufu yake ni ya pombe, na ladha yake, kwa mujibu wa waliopona, haitofautiani na pombe kali. Kwa mgema asiye na huruma ni njia rahisi ya kuongeza ukali wa waragi, chang'aa, kanyanga au lotoko. Mwezi Novemba mwaka 2000, katika mitaa ya mabanda ya Mukuru jijini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wengi wakapofuka. Mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale na jirani zake kusini-magharibi ya Uganda, watu wapatao 80 walikufa katika muda wa majuma machache kwa waragi uliochanganywa na methanoli. Mwezi Mei mwaka 2014 maafa yakarudi Kenya, katika kaunti za Embu, Kiambu, Makueni na nyinginezo.

Mwezi Februari mwaka 2024, katika kaunti ya Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe yenye sumu, na baadhi ya walionusurika walipoteza nuru ya macho. Serikali ya Kenya ilieleza kwamba pombe hiyo ilikuwa kielelezo kilichokamatwa na kuhifadhiwa katika kituo cha polisi, kikaibwa na kuuzwa tena kwa wananchi. Habari hiyo haikuhusu seli za fueli. Lakini kila anayeshika ufunguo wa bohari ya serikali yafaa aikumbuke kila anapotia saini daftari, kwa kuwa sumu ile ilikuwa imekwisha kamatwa. Ilikuwa ndani, chini ya kufuli, chini ya ulinzi wa watu wenye sare. Ilitoka kwa sababu chupa zilihifadhiwa, hazikuhesabiwa.

Kwa hiyo hesabu ya methanoli iwe ya lita. Dumu likitoka bohari lipimwe kwa mizani, na likifika kituoni lipimwe tena. Kituo kilichotumia lita 26 kwa mwezi na uniti 29 za umeme kinasema kweli; mtambo mwingi huhifadhi hesabu ya umeme uliotoa, na hesabu hiyo haisahau wala haipokei bakshishi. Kituo kilichotumia lita 40 kwa uniti 29 kina mtambo mbovu, au kina tundu katika dumu, au kina mtu anayekunywa au kuuza. Afande anayekagua asisubiri mwisho wa mwaka kuuliza ni lipi kati ya hayo matatu.

Akina mama wa kambini nao yafaa waijue sumu hii inavyofanya kazi mwilini, kwa sababu mara nyingi wao ndio wa kwanza kumwona mgonjwa. Mtu aliyekunywa methanoli hulewa kidogo, pengine kuliko pombe ya kawaida, kisha hulala. Huamka akiwa na maumivu ya kichwa na tumbo, akitapika, na jirani husema ni uchovu wa pombe tu. Ukweli ni kwamba wakati huo ini linafanya kazi ya kuigeuza methanoli kuwa fomaldehaidi, na kisha kuwa asidi ya fomiki, ile ile ambayo chungu wa maji moto hummwagia mtu anayegusa kiota chao mwembeni. Asidi hiyo hushambulia mshipa wa jicho na kuharibu damu. Baada ya saa 12 hadi 24, na pengine zaidi ikiwa alikunywa pamoja na pombe ya kawaida, mgonjwa huanza kuona ukungu, au kuona weupe kama mtu aliye katikati ya wingu. Pumzi huenda mbio. Mililita 10 zimewahi kumpofusha mtu, na mililita 30, ambazo ni vijiko viwili vya chakula, zimewahi kuua.

Kile kipindi cha kulala ndicho cha kuokoa. Askari aliyekunywa kitu kisichojulikana apelekwe hospitali hata kama asubuhi anasema yu mzima, na lipelekwe pia lile dumu au karatasi yake, ili daktari asipoteze saa nzima akibahatisha. Asitapishwe. Hospitali zina dawa iitwayo fomepizoli, na mahali isipopatikana madaktari hutumia ethanoli, yaani kileo cha kawaida, kwa kipimo na kwa uangalizi, kwa sababu ini hushughulikia ethanoli kwanza na kuiacha methanoli itoke na mkojo bila kugeuzwa. Mashine ya kusafishia damu huimaliza kazi hiyo. Habari ya ethanoli imezaa uvumi vijijini kwamba aliyekunywa pombe mbaya huponywa kwa kuongezwa waragi. Uvumi huo umeua watu, kwa kuwa mara nyingi waragi anaoongezwa umetoka katika pipa lile lile. Tiba hiyo ni ya daktari mwenye vipimo vya damu. Methanoli iliyomwagika ngozini huoshwa kwa maji mengi muda wa dakika 15, na nguo zilizolowa zivuliwe na kuoshwa mbali na nguo za watoto.

Limebaki lile dumu tupu. Katika nyumba za kambi dumu zuri la plastiki, lenye mpini na kifuniko kisichovuja, ni mali. Huteka maji, hubeba maziwa, huhifadhi mafuta ya kupikia, hutumwa kwa mama mkwe likiwa na togwa. Mke wa askari anayeliomba kwa sajini wa bohari haombi kitu cha ajabu. Anaomba alichozoea kupewa tangu enzi za madebe ya samli. Sajini naye, akiwa mtu mwema, humpa. Matone yaliyobaki chini ya dumu hayaonekani, na maji ya kwanza yanayotiwa humo huyafanya yasiwe na harufu ya kutosha kumshtua mtu. Na hata dumu likioshwa vema kabisa, limekwisha fundisha nyumba nzima kwamba chombo chenye alama ya fuvu ni chombo cha maji, na mtoto aliyezoea kunywa humo hatauliza siku atakapokuta lililojaa.

Kukataza peke yake hakutoshi, kwa kuwa haja ya chombo iko pale pale na barua ya makao makuu haiteki maji. Wanaoagiza methanoli kwa ajili ya vituo vya kilimani waagize pamoja nayo madumu mapya ya maji ya lita 20, ya rangi tofauti, kwa idadi ile ile. Dumu la methanoli linaporudi kutoka kileleni lijazwe maji hadi juu ili mvuke utoke, litikiswe, limwagwe katika shimo lililo mbali na kisima na mto, na kazi hiyo irudiwe mara tatu. Kisha likiwa limejaa maji kwa mara ya nne likatwe kwa kisu pembeni, nje ya bohari, mbele ya mashahidi wawili, na nambari yake ifutwe katika daftari. Yule askari aliyelibeba kutoka mlimani apewe dumu jipya la kupeleka nyumbani.